Saa za Rubani Kijana

Wengi hudhani ya kuwa kijana akipata leseni ya urubani huingia mara moja katika ndege kubwa za abiria. Sivyo. Leseni impasayo rubani mkuu hudai saa 1,500 angani, naye kijana hutoka chuoni na saa 200 hivi. Zilizosalia huzichuma katika ndege ndogo, kama zile ziendazo Lodwar, au Kakuma penye kambi ya wakimbizi tangu 1992. Kazi hiyo si nyepesi: hewa ya Turkana ikipata joto hutanuka, mabawa hupungukiwa nguvu, na ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Basi huondoka asubuhi mapema, au mzigo hupunguzwa, hata abiria wakinung'unika. Mwaka 2020 Korona iliposimamisha safari, marubani wengi walikaa miezi kadhaa pasipo kuongeza hata saa moja.