Jiki haikaushi ukuta

Masika yakishika kasi, picha huanza kumiminika kwenye simu yangu. Kona ya chumba cha kulala yenye madoadoa meusi. Dari ya gipsamu iliyochorwa duara la kahawia. Viatu vya ngozi vilivyoota unga wa kijivu baada ya kukaa kabatini tangu Idi. Chini ya kila picha swali ni lile lile: "Fundi, hii ni koga ya kawaida au ule ukungu mweusi wa sumu?"

Swali hilo halitakusaidia hata likijibiwa. Rangi ya doa haielezi ubaya wake. Fangasi weusi wa majumbani ni wengi, na wanaoonekana zaidi ni jamii za Cladosporium na Aspergillus, ambao utawakuta hata kwenye ganda la kitunguu kilichokaa sana. Yule anayetisha watu kwenye video za Marekani, Stachybotrys, hupenda karatasi na ubao wa gipsamu uliolowa siku nyingi. Kuta zetu nyingi ni tofali na saruji. Ule unga mwepesi unaofutika kwa kitambaa juu ya mkanda, na lile doa jeusi lililozama ndani ya rangi ya ukuta, yote ni fangasi. Mmoja amekaa juu, mwingine ameshaingia. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa unyevu na ukungu ndani ya nyumba mwaka 2009, halikupanga rangi salama na rangi hatari, wala halikutaja kiasi cha ukungu kinachokubalika. Lilichosisitiza ni kuzuia unyevu. Mtoto mwenye pumu atakohoa tu, doa liwe jeusi au la kijani.

Iko tofauti moja yenye maana, na hiyo hakuna anayeniuliza: kilichopo ukutani kinaota, au ni chumvi? Unga mweupe unaotokea chini ya ukuta, kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno hivi, ukibandua rangi vipande vipande, mara nyingi si fangasi. Maji yamepanda kutoka ardhini kupitia tofali, yamefika usoni yakakauka, na chumvi yake imebaki hapo. Chumvi hiyo inaweza kuwa ilitoka kwenye udongo, kwenye mchanga wa pwani, au kwenye maji ya kisima yaliyotumika kuchanganyia saruji. Kwangua kidogo uweke kwenye kisahani, udondoshee maji. Chumvi itayeyuka ipotee. Fangasi atalowa tu, atabaki. Na chumvi haipandi kwenye koti wala begi la ngozi. Ukikuta unga mweupe juu ya begi, huyo ni fangasi.

Nikishaeleza hayo, jibu ninalopata ni moja: "Lakini nimeshapiga jiki, tena mara mbili."

Sina ugomvi na jiki. Chooni na kwenye vigae inafanya kazi yake vizuri. Ninachogombana nacho ni hii imani kwamba jiki ni dawa ya ukuta, imani ambayo mafundi rangi wanairithishana na majirani wanaiapia. Hebu tuiangalie hiyo chupa. Jiki ya nyumbani ina asilimia 3 hadi 5 hivi ya haipokloraiti ya sodiamu. Kilichobaki karibu chote ni maji. Ukiimwaga kwenye plasta, ule ukali unaishia juu juu. Unakutana na rangi, vumbi na uchafu, unachoka hapo hapo. Kazi yake kubwa katika dakika hizo ni kupausha, kwa hiyo weusi unatoweka na wewe unafurahi. Maji yenyewe hayana pupa. Yanazama taratibu ndani ya plasta, zilipo nyuzi za fangasi ambazo ukali haukuzifikia. Umemwondolea rangi, kisha umemwagilia. Baada ya wiki chache doa linarudi, na mimi naambiwa kwamba fangasi wa nyumba hii ni sugu! Hajawa sugu. Hajawahi kuguswa.

Kwenye ukuta wa chumvi ndiyo balaa zaidi. Haipokloraiti ikishamaliza nguvu zake, kinachobaki ni kloridi ya sodiamu, yaani chumvi ile ile ya jikoni. Mtu anaona ukuta unatoa chumvi, anaununulia nyingine dukani. Na chumvi hiyo, unyevu wa hewa ukivuka asilimia 75 (jambo la kawaida Tanga, Mombasa au Unguja wakati wa mvua), huvuta maji kutoka hewani yenyewe. Ndiyo maana ukuta ulioshiba jiki unaweza kuwa na ubichi hata wiki ambayo mvua haikunyesha.

Halafu wapo wanaoona jiki peke yake haitoshi, wanaichanganya na siki au dawa ya choo yenye tindikali "ili iume". Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ile iliyotumika kuulia askari kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Wewe unaitengeneza kwenye chumba ulichofunga madirisha. Ukichanganya na dawa zenye amonia unapata gesi nyingine, nayo inachoma mapafu. Acheni.

Tone moja la jiki ninaliruhusu, kwa kupimia. Lidondoshe kwenye doa jeusi. Likipauka ndani ya dakika moja au mbili, yaelekea ni fangasi; likibaki vile vile, huenda ni masizi ya jiko au vumbi la feni. Ukishajua, funga kifuniko.

Kuhusu kufunika doa kwa rangi ya mafuta sitasema mengi. Waliojenga Mji Mkongwe na Lamu kwa mawe ya matumbawe walipaka chokaa, nayo huacha ukuta upumue, na ikiwa mbichi ina ualkali ambao fangasi hauwezi. Sisi tunaziba mawe hayo hayo kwa saruji na rangi ya plastiki, kisha tunatafuta mchawi.

Haya, cha kufanya. Kwanza jua maji yanatoka wapi: bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa utepe, uache siku mbili. Umande ukiwa upande wa ukuta, kuna bomba linalovuja, paa bovu au maji ya msingi. Ukiwa upande wa chumba, ni hewa: sogeza kabati sentimita 10 kutoka ukutani, usianike nguo ndani, fungua madirisha ya pande mbili, na kiyoyozi usikishushe hadi 18, maana masika ya Dar es Salaam hutoa jasho kwenye chochote kilichopoa chini ya nyuzi 24 hivi. Doa dogo, lisilozidi mita 1 ya mraba, sugua kwa sabuni na maji kidogo, umevaa barakoa na glavu, kisha ukaushe kwa feni. Likizidi hapo, au kama ndani kuna mwenye pumu, mwite mtu wa kazi hiyo. Chumvi iondoe kwa brashi kavu, usiioshe. Plasta iliyolegea ibanduliwe hadi kwenye tofali, na usipake rangi mpaka ukuta ukauke kweli, hata kama ni wiki kadhaa. Udongo wa nje uliopanda juu ya usawa wa sakafu ushushwe. Gipsamu na godoro vilivyooza, tupa. Viatu vitoe nje, vifute kwa spiriti, vipate jua.

Na kama umepanga, piga picha ya nailoni ikiwa bado ukutani, umande ukionekana uko upande gani, umpelekee mwenye nyumba. Ukimpelekea picha ya doa peke yake atakuletea kopo la rangi.