Volti na Wati katika Sigara ya Umeme

Sheria ya Uganda ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 ilipiga marufuku uuzaji na uingizaji wa sigara za umeme. Hata hivyo, mzazi akutaye chombo hicho mfukoni mwa kijana yafaa ajue kinavyofanya kazi.

Ndani mna betri, pamba iliyolowa majimaji yenye nikotini, na waya uliosokotwa mfano wa springi. Umeme ukipita, waya hupata moto kama wa pasi, na majimaji yakageuka mvuke.

Volti ni msukumo wa umeme. Wati hupima joto litokalo kila sekunde. Baina yake umo ukinzani wa waya, upimwao kwa omu. Volti 4 katika waya wa omu 2 hutoa wati 8. Katika waya wa omu 1 hutoa wati 16. Basi mwenye chombo cha kurekebisha volti akibadili waya akasahau volti, huongeza joto maradufu. Chombo cha kurekebisha wati hupima ukinzani chenyewe na kuchagua volti zifaazo. Nafuu hiyo ni ya waya, si ya mapafu.

Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Portland State, Marekani, walipima mvuke wa chombo kimoja. Kwa volti 3.3 hawakuona kemikali zitoazo fomaldehaidi, sumu isababishayo saratani. Kwa volti 5 walizikuta. Wapinzani wao walidai kwamba hakuna mvutaji awezaye kuvumilia ladha ya majimaji yaliyoungua kiasi hicho. Lakini hata pasipo kuungua, wati zikiongezwa mvuke huwa mwingi, na nikotini iingiayo mapafuni kwa kila mvuto huongezeka.