Je, Wajua? Kunde Iliyoshiba Haialiki Wageni
Je, wajua ya kwamba mimea ya jamii ya kunde, ambayo mizizi yake huota vinundu vya kuwastiri bakteria wageuzao naitrojeni ya hewa kuwa chakula, huacha kuviotesha pindi ardhi inapojaa nitrati, yaani naitrojeni iliyo tayari kufyonzwa na mizizi? Amri ya kuumba kinundu hutolewa na protini iitwayo NIN, iliyotambuliwa mwaka 1999 katika mmea wa Lotus japonicus. Lakini nitrati ikizidi, jamaa zake waitwao NLP, ambao, tofauti na NIN, wangali na hisi ya nitrati, huingia katika kiini cha seli na kuibatilisha amri hiyo. Na mmea una udhuru wake, kwani bakteria hao hulipwa chakula kitokanacho na sukari ya mmea, na ujira huo, wallahi, si haba.