Chunjua kwa Mtu Aliyepandikizwa Figo: Usizifiche

Siku hizi si ajabu kualikwa kwenye harambee ya kumsaidia mgonjwa apandikizwe figo. Upasuaji huu hufanywa hapa nchini, kwa mfano katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, na Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Mgonjwa akirudi nyumbani na figo inafanya kazi, watu hushangilia na kusema, "Basi, mambo yamekwisha." Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalitilii maanani: ngozi yake itahitaji kuangaliwa maisha yake yote.

Kwa nini ngozi?

Mwili una askari wake, yaani kinga. Kazi yao ni kupigana na kitu chochote kigeni. Figo ya mtu mwingine nayo ni ngeni, hata kama imetolewa na ndugu. Kwa hivyo mgonjwa humeza kila siku dawa za kuwatuliza askari hao, kama vile prednisoloni, takrolimasi au azathioprini. Shida ni kwamba askari akisinzia, hata mwizi hupita. Virusi navyo hupata nafasi.

HPV ni nini?

Ni jamii ya virusi yenye aina zaidi ya 200. Huambukizwa ngozi ikigusana na ngozi. Aina nyingine huleta chunjua za mikono na miguu. Aina ya 6 na ya 11 huleta chunjua za sehemu za siri. Aina ya 16 na ya 18 huleta saratani ya mlango wa kizazi.

Wengi wetu tumewahi kuwa na virusi hivi bila kujua, kwa sababu kinga ilivinyamazisha. Mtu akianza dawa za figo, vilivyokuwa vimelala huamka. Chunjua hutokea miezi au miaka baadaye, nyingi kwa pamoja, na ni ngumu kuondoka. Hapo ndipo majirani huanza kunong'ona, na mgonjwa huona haya, akajificha. Ndugu zangu, tuache kunong'ona. Chunjua hizi hazionyeshi kwamba mtu ana tabia mbaya.

Je, chunjua ni saratani?

Nyingi si saratani. Lakini kinga ikiwa dhaifu kwa miaka mingi, sehemu nyingine za ngozi zinaweza kugeuka. Kwa watu weupe, jua ndilo huchangia sana. Sisi weusi hatari yetu ni ndogo kuliko yao, lakini ipo, na hujificha. Utafiti wa Philadelphia, Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, uliwachunguza watu waliopandikizwa viungo. Kwa wagonjwa weusi, saratani ya aina ya skwamasi ilipatikana mahali pasipofikiwa na jua, na ilihusiana na HPV au na chunjua za zamani. Jambo la kutia moyo ni kwamba zote zilikuwa bado changa, hazijapenya ndani.

Ufanye nini?

1. Jikague kila mwezi, mwili mzima, hata kinena, sehemu za siri na njia ya haja kubwa. Tumia kioo. Ukienda kliniki, usione haya kumwambia daktari aangalie huko pia.

2. Nenda upesi ukiona chunjua inayokua haraka, inayouma au kutoka damu, au kidonda kisichopona. Madoa ya zambarau au meusi pia yaonyeshwe. Huenda ikawa Kaposi, saratani inayohusiana na kirusi kingine.

3. Usikate kwa wembe wala kupaka asidi ya betri au utomvu. Hospitalini chunjua hugandishwa kwa baridi kali, huchomwa au hupakwa dawa. Daktari akiwa na shaka, atatoa kipande kidogo kipimwe.

4. Usiache dawa za figo kwa sababu ya chunjua. Mwili utaikataa figo, nawe utarudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Ni daktari tu anayeweza kupunguza au kubadilisha dawa hizo.

5. Akina mama wapimwe mlango wa kizazi mara nyingi zaidi kuliko wanawake wengine.

6. Uliza kuhusu chanjo ya HPV, ambayo serikali ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019. Haina virusi hai, kwa hivyo hata aliyepandikizwa figo anaweza kuipata, ingawa hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla ya upasuaji. Haiondoi chunjua zilizokwisha kutokea.

Figo ile iligharimu jasho la watu wengi. Tusiipoteze, wala tusimpoteze mwenyewe, kwa kuona haya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.