Mazabodi Ndiyo Huamua: Kubadili Prosesa kwenye Kompyuta Kongwe ya Gemu

Kompyuta ya gemu iliyounganishwa mwaka 2017 sasa imeanza kuonyesha umri. Gemu inafunguka, ramani inapakia, lakini mchezaji akigeuka ghafla kwenye mtaa wenye watu wengi, picha inanata kisha inaruka. Kadi ya grafiki ilishabadilishwa zamani, kwa hiyo lawama zote zinaiangukia prosesa. Linalofuata ni swali moja: ninunue ipi?

Jibu lake ni fupi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu sehemu kubwa ya uamuzi ilishafanyika siku mazabodi iliponunuliwa. Prosesa hukaa kwenye soketi, na soketi ikishafungwa na kiwanda hakuna fundi wa kuibadilisha. Watu wawili walionunua kompyuta mwaka mmoja, kwa bei zinazokaribiana, leo wanaweza kuwa na hatima tofauti kabisa.

Chukua aliyenunua mazabodi ya Intel yenye chipuseti ya Z270. Ilitoka Januari 2017 pamoja na prosesa za kizazi cha 7, ambazo kubwa yake, Core i7-7700K, ilikuwa na viini vinne. Oktoba mwaka huohuo Intel ikaleta kizazi cha 8, na Core i7-8700K ikaja na viini sita. Soketi ilibaki na jina lilelile, LGA1151, na idadi ya vituo ileile. Prosesa mpya inakaa kwenye mazabodi ya zamani bila kulazimishwa, lakini haiwaki. Intel ilieleza kwamba mpangilio wa umeme kwenye soketi umebadilika, hivyo ilitakiwa mazabodi mpya. Baadaye wadadisi walizichezea BIOS na baadhi ya mazabodi hizo za zamani zikakubali kuwaka, jambo lililowaacha wanunuzi wakijiuliza maswali. Kwa ufupi, aliyenunua Z270 alifikia mwisho wa njia kabla mwaka haujaisha.

Upande wa AMD mambo yalikwenda kinyume, ingawa si kwa hiari yote. Ryzen za kwanza zilianza kuuzwa Machi 2, 2017 kwenye soketi ya AM4, na kampuni iliahidi kuihudumia soketi hiyo hadi 2020. Mei 2020, ahadi ikielekea ukingoni, AMD ilitangaza kwamba prosesa zake mpya za Zen 3, zilizokuwa zikija, zingefanya kazi kwenye mazabodi za mfululizo wa 500 tu. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiufundi: chipu inayohifadhi BIOS kwenye mazabodi nyingi za zamani ilikuwa na megabaiti 16 tu, na orodha ya prosesa zote za AM4 ilikuwa imeshaijaza.

Wanunuzi hawakukubali. Wengi walikuwa wamechukua mazabodi za B450 za mfululizo wa 400 miezi michache kabla, wakati B550 ya mfululizo wa 500 haijafika hata madukani, kwa imani kwamba watakuja kupandisha prosesa. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba kabla mwezi haujaisha AMD ilibadili msimamo na kuziruhusu B450 na X470. Mwaka 2022 ruhusa ikashuka hadi mfululizo wa 300, yaani B350, X370 na hata A320 iliyokuwa ya bei ya chini kabisa. Ndiyo maana mtu mwenye mazabodi ya 2017 leo anaweza kuchomeka prosesa iliyotoka miaka mitano au zaidi baadaye. Katika kompyuta za watu wa kawaida, jambo hili ni nadra.

Zipo athari zilizobaki. MSI, kwa mfano, ilitoa matoleo ya B450 yenye neno MAX mwishoni, ambayo tofauti yake kubwa ni chipu ya BIOS ya megabaiti 32. Matoleo yasiyo na MAX yalipewa BIOS iliyopunguzwa mapambo ili kupata nafasi. Kwenye baadhi ya mazabodi za mfululizo wa 300, BIOS mpya ikishaingia prosesa za zamani hazitambuliwi tena. Anayesasisha ajue huenda hakuna kurudi nyuma, na aisasishe prosesa ya zamani ikiwa bado imo ndani, kwa sababu mpya haitawasha mazabodi isiyoijua.

Sasa prosesa zenyewe. Ryzen 5 1600 ya Aprili 2017 ina viini sita na nyuzi kumi na mbili. Ryzen 5 5600 ya Aprili 2022, iliyozinduliwa kwa dola 199, nayo ina viini sita na nyuzi kumi na mbili, na zote mbili zimeandikwa wati 65. Kwa kuzitazama kwenye karatasi mtu anaweza kuuliza kilichobadilika. Kasi ya juu imetoka gigahezi 3.6 hadi 4.4, na kila mzunguko sasa unafanya kazi nyingi zaidi. Kashe ya ngazi ya tatu, yaani kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa, imeongezeka mara mbili, kutoka megabaiti 16 zilizogawanywa makundi mawili hadi 32 zinazotumiwa na viini vyote kwa pamoja. Pawa saplai haiguswi, na feni ya zamani mara nyingi inatosha.

Hiyo kashe ndiyo kiini cha hadithi. Gemu huomba vipande vidogo vya data visivyopangika: adui yuko wapi, ukuta uko wapi, risasi imefika wapi. Kipande kisipokuwa kwenye kashe, prosesa hukaa ikisubiri RAM ilete, kama fundi gari anayeacha kazi kila mara kwenda stoo kutafuta spana. Aprili 2022 AMD ilibandika tabaka la megabaiti 64 juu ya kashe iliyokuwapo, jumla zikawa 96, na kuiita prosesa hiyo Ryzen 7 5800X3D. Iliuzwa dola 449. Kasi yake ya juu ni gigahezi 4.5, ndogo kuliko 4.7 ya 5800X ya kawaida, lakini kwenye gemu nyingi inaiacha nyuma. Factorio, Microsoft Flight Simulator na Assetto Corsa Competizione ni mifano inayotajwa sana. Kwenye kazi kama kuhariri video, ziada hiyo ya kashe haina msaada mkubwa. Januari 2024 ikafuata 5700X3D, yenye kashe ileile kwa kasi ndogo zaidi, kwa dola 249.

Hapa majina yana mtego. Ryzen 5 5500 na Ryzen 7 5700 isiyo na X zinaonekana ndugu wa karibu wa 5600, kumbe zina megabaiti 16 tu za kashe. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, hazifai kwa mcheza gemu.

Kabla ya kutoa hata senti, ipo njia ya kujua kama prosesa ndiyo mkosaji. Fungua gemu inayosumbua, washa programu inayoonyesha matumizi ya kadi, kama MSI Afterburner, na utazame namba. Kadi ikiwa inafanya kazi kwa asilimia 97 au 99 muda wote, prosesa haina kosa. Kadi ikicheza kwenye asilimia 60 huku fremu ni chache, prosesa imeshindwa kuilisha. Jaribio la pili ni kushusha ukubwa wa picha kutoka 1080p hadi 720p: fremu zisipoongezeka, kadi imeachiwa huru. Kumpa mwenye kadi ya GTX 1060 ya mwaka 2016 prosesa ya 5800X3D ni kutupa fedha. Anunue kadi kwanza.

Ipo sababu nyingine iliyowasukuma wengi. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025, na orodha ya Windows 11 imeziacha nje Ryzen za kizazi cha kwanza pamoja na karibu Intel zote za kizazi cha 7. Mwenye B350 akiweka 5600 na kuwasha TPM, kipengele cha usalama, ndani ya BIOS, kompyuta yake inahesabika kuwa halali. Gemu ya Valorant nayo, ikichezwa kwenye Windows 11, inadai TPM 2.0 na Secure Boot.

Kuhamia AM5, soketi iliyoingia sokoni Septemba 2022, kunataka prosesa, mazabodi na RAM ya DDR5 kwa mkupuo. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda vibaya kwa sababu vituo vya data vya akili bandia vilikuwa vikizinyakua chipu, na Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kujiondoa katika biashara ya Crucial, chapa yake kwa wateja wa kawaida. RAM ya DDR4 iliyokwisha lipiwa na iliyomo ndani ya kompyuta imekuwa mali.

Kwa walio ughaibuni, njia ya kawaida ni kununua iliyotumika na kuituma nyumbani kwa mtu anayesafiri. Prosesa za AM4 zina pini 1331 upande wa chini, na zinapinda kwa kuguswa tu, kwa hiyo dai picha ya upande huo kabla ya kulipa. Jihadhari na Ryzen Pro zilizotolewa kwenye kompyuta za ofisi: baadhi ya zile za Lenovo zimefungwa kwa njia ambayo haziwaki kwenye mazabodi ya kampuni nyingine. Wakati wa kuchomoa ya zamani, washa kompyuta dakika kadhaa ili pesti ya kupitisha joto ilainike, uzime na kuchomoa waya wa umeme, kisha uzungushe kipoza taratibu kabla ya kukiinua. Ukikivuta tu, kinaweza kung'oka na prosesa. Na anayesasisha BIOS Dar es Salaam au Bukavu aichomeke kompyuta kwenye UPS, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo mazabodi inaweza isiamke.

Uamuzi basi ni huu. Mwenye AM4 na kadi ya kiwango cha kati anunue 5600. Mwenye kadi kubwa aitafute 5700X3D, na asilipie 5800X3D bei ya anasa. Mwenye Z270 asinunue 7700K ya mkononi. Aweke akiba ya kompyuta mpya.