Akili ya mtoto si ya mama peke yake

Kila matokeo ya mitihani ya skuli yakitoka, swali ni lile lile, mabarazani Mji Mkongwe hadi Makunduchi: mtoto akili huchukua kwa nani? Jibu ninalolisikia kila mara ni kwamba huchukua kwa mama tu, eti jeni za akili zimo kwenye kromosomu X. Si kweli. Uchunguzi wa mwaka 2018 wa watu milioni 1.1 wenye asili ya Ulaya ulikuta sehemu zaidi ya 1,200 za vinasaba zinazohusiana na miaka ya kusoma, zimetawanyika katika kromosomu nyingi, na kila moja nguvu yake ni ndogo mno.

Urithi wenyewe haufanyi kazi sawa kila nyumba. Mwaka 2003, Eric Turkheimer na wenzake nchini Marekani waliangalia mapacha wa miaka saba. Katika familia fukara, asilimia 60 hivi ya tofauti za alama za vipimo vya akili ilitokana na mazingira ya nyumbani, na urithi karibu haukuonekana. Kwa wenye uwezo ikawa kinyume.

Hapa kwetu tuna ushahidi wa Pemba. Watoto 614 walifuatiliwa kwa mwaka mzima. Waliopewa madini ya chuma kila siku walisonga mbele zaidi katika kusema. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001.

Sababu yake inanivutia mno. Seli za ubongo zinazotengeneza mayelini, ule utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva kama mpira unavyofunika waya wa umeme, zinahitaji chuma kingi. Kikikosekana, utando hauundwi vizuri na ujumbe hupita polepole. Kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza dopamini, kemikali ya usikivu na hamu ya kujifunza, nacho hutegemea chuma. Baya zaidi, chuma kikiwa haba mwili hukipeleka kwanza kwenye chembe nyekundu za damu. Ubongo huanza kupungukiwa wakati damu bado inapimwa ikaonekana nzima.

Sasa wanakuja wauza chupa za "dawa ya akili". Wanawaibia wazazi masikini, basi. Wala msikimbilie kununua dawa za chuma wenyewe: utafiti mwingine mkubwa wa Pemba, uliochapishwa mwaka 2006, ulionesha kuwa kuwapa watoto wote chuma na asidi ya foliki penye malaria nyingi kuliongeza idadi ya waliolazwa hospitali au kufariki.

Mpelekeni mtoto apimwe damu, malaria, minyoo na kichocho. Mpeni dagaa, na kisamvu kwa ndimu. Chai isiwe pamoja na chakula, inazuia chuma. Na zungumzeni naye tangu angali mchanga, kabla hajaweza kujibu.