Je, Fumo Liongo Alikuwa Mfalme Mwislamu? Ushahidi wa Lugha na wa Tanzu

Ikisiri

Fumo Liongo hufundishwa kama shujaa, mfalme na malenga wa pwani ya kaskazini ya Kenya. Makala haya yanahoji madai mawili yanayopingana kumhusu: kwamba alikuwa mfalme Mwislamu, na kwamba alikuwa mtawala wa kijadi aliyesimama dhidi ya Uislamu. Kwa kulinganisha hadithi ya nathari iliyochapishwa mwaka 1870, utendi wa Muhamadi Kijumwa wa mwaka 1913 na tungo zinazonasibishwa na Liongo mwenyewe, inaonyeshwa kwamba kila utanzu una Liongo wake, na kwamba pande zote mbili za mjadala zimeichukua kaida ya utanzu na kuifanya ushahidi wa historia.

1. Utangulizi

Kila mwaka nikisahihisha majibu ya mtihani kuhusu Fumo Liongo hukutana na sentensi ileile kwa hati tofauti: Liongo alikuwa shujaa mwema aliyependwa na watu wake na kusalitiwa na mwanawe. Wanafunzi hawakuibuni. Wamefika nayo chuoni kutoka shule ya sekondari, ambako Liongo ndiye mfano unaotangulia mingine yote panapofundishwa mighani. Tatizo la sentensi hiyo ni kwamba imekwisha kuamua, kabla ya kusoma, mambo matatu ambayo matini zenyewe hazijaafikiana: kwamba alikuwa mtawala, kwamba alikuwa mwema, na kwamba watu waliokuwa upande wake ni watu fulani wenye imani fulani.

Hili la tatu ndilo lenye moto. Katika mjadala mkali wa miaka ya 1970 na 1980 kuhusu asili ya ushairi wa Kiswahili, Liongo aligeuka kuwa shahidi anayeitwa na kila upande. Waliotaka kuonyesha kwamba bahari za ushairi wetu zilichipuka humuhumu pwani, Ibrahim Noor Shariff akiwa mmoja wao katika *Tungo Zetu* (1988), walimhitaji Liongo wa kale, aliyetangulia tenzi za kidini tulizo na miswada yake, kama ule wa Tambuka wa mwaka 1728. Wengine waliona kwamba ushairi wa Kiswahili hauwezi kutenganishwa na Uislamu, nao wakamhitaji Liongo aliyekuwa mfalme Mwislamu. Baadaye wakaja waliomtaka awe Mwafrika wa kabla ya dini za kuja, mpinzani wa masultani. Liongo mmoja amebebeshwa mizigo hii yote, na aghalabu mbebeshaji hataji ni Liongo wa matini ipi anayemzungumzia.

2. Liongo wa 1870 na Liongo wa 1913

Edward Steere, mmisionari aliyefika Unguja mwaka 1864, alichapisha hadithi ya Liongo katika mkusanyiko wake wa *Swahili Tales* (1870). Hadithi hiyo ya nathari haimtambulishi kama mfalme. Inamtambulisha kama mtu mwenye nguvu nyingi, mkubwa katika mji wake, ambaye aliwaonea watu kupita kiasi hata wakafanya shauri la kumfunga. Hatua hii ya kwanza ya masimulizi huachwa katika takriban kila muhtasari wa shuleni. Msomaji anayeanzia hapa anaingia katika hadithi ya mji unaojitetea dhidi ya mbabe. Gereza, mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake, na ngoma inayopigwa nje ili sauti ya kukata minyororo isisikike, yote ni ujanja wa mfungwa ambaye msimulizi hakutuambia kwamba amefungwa kwa dhuluma. Tunamshangilia kwa sababu ni mjanja.

Utendi wa Kijumwa una mwanzo mwingine kabisa. Muhamadi bin Abubakari Kijumwa wa Lamu alikuwa malenga, mnakili wa miswada, mchonga nakshi na mtu wa ngoma, na aliutunga utendi wake mwaka 1913, wakati ambapo Alice Werner alikuwa akikusanya masimulizi ya pwani hiyo. Hapa Liongo ni kijana mwenye haiba na ushujaa. Wagala (jina ambalo Waoromo wa leo hawalipendi, nami nalitumia tu kwa kuwa ndilo la matini) wanafika Pate kutafuta chakula, wanasikia habari zake, na sultani anamwita aje waone. Anakuja kwa miguu upesi kuliko uwezo wa binadamu wa kawaida, anapuliza pembe zikapasuka, anatoa mkobani vitu ambavyo mtu mwingine asingeweza kuvibeba. Wageni wanashangaa na kuomba wapate mbegu yake. Tangu hapo sultani anaingiwa na hofu ya kunyang'anywa ufalme.

Zingatia mabadiliko hayo. Mwaka 1870 anayeonewa ni mji. Mwaka 1913 anayeonewa ni Liongo, na mwonevu ni sultani. Ufalme katika utendi ni kitu ambacho Liongo anahofiwa atakitwaa. Mgogoro wote umejengwa juu ya hofu hiyo. Basi jina "mfalme Liongo" lililozoeleka vitabuni limetoka wapi? Kwa sehemu limetoka katika masimulizi mengine ya mdomo, yanayomtaja kama mtawala wa Ozi au Shaka karibu na mlango wa mto Tana, ambako kaburi linalosemwa kuwa lake huonyeshwa karibu na Kipini. Kwa sehemu limetoka katika jina lenyewe, Fumo, ambalo nitalirudia hapa chini.

Kuna jambo la utanzu ambalo halina budi kusemwa waziwazi. Utendi wa Kijumwa unafunguliwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, kama tenzi zote za mapokeo hayo. Nimewahi kusoma tasnifu zaidi ya moja iliyoutumia ufunguzi huo kama dalili ya Uislamu wa Liongo. Huo ni ufunguzi wa Kijumwa, na hata kwake ni kaida kabla ya kuwa tamko. Mtunzi wa Lamu mwaka 1913 angeanza hivyohivyo hata kama angesimulia habari za ng'ombe. Kinyume chake pia ni kosa: kwa kuwa adui wa Liongo katika utendi ni sultani Mwislamu wa Pate, wapo waliohitimisha kwamba Liongo hakuwa Mwislamu. Historia ya Pate, Siu na Lamu imejaa Waislamu waliopigana na Waislamu wenzao.

3. Neno "fumo"

Neno hili limefanyiwa kazi kubwa kuliko linavyoweza kuimudu. Asili yake ni ya Kibantu. Linalingana na *mfumu* ya Kichewa na ya Kikongo na *imfumu* ya Kibemba, yote yakiwa na maana ya mtawala. Kutoka hapo hoja huenda hivi: cheo ni cha Kibantu, si *sultani* wala *shehe*, kwa hiyo mwenye cheo ni wa utaratibu wa kabla ya Uislamu.

Hoja hiyo haisimami, na wa kuiangusha ni watawala wa Pate wenyewe. Ukoo wa Nabahani, ambao Uislamu wao hauna shaka, uliendelea kulitumia neno hili katika majina ya watawala wake kwa karne nyingi: Fumo Madi, Fumo Luti, na mwishoni kabisa Fumo Bakari wa Witu, aliyeshambuliwa na Waingereza mwaka 1890. Ikiwa mtawala Mwislamu wa mwisho wa karne ya 19 aliitwa Fumo, neno hilo haliwezi kutuambia lolote kuhusu dini ya aliyelichukua kabla yake. Linachotuambia ni jambo jingine, na kwangu lenye uzito zaidi: kwamba kwenye pwani hiyo cheo cha Kibantu na jina la Kiislamu viliishi ndani ya mtu mmoja bila mtu kuona ajabu. Ajabu tumeileta sisi.

4. Tungo zinazonasibishwa naye

Upande wa tumbuizo na nyimbo za gungu ndio mgumu zaidi, na ndio ambao watafiti wa lugha wanaweza kuufaidi zaidi. Mkusanyiko uliohaririwa na Gudrun Miehe na wenzake (2004) umeziweka tungo hizi pamoja, hivyo mtafiti wa leo hana udhuru wa kutegemea vipande. Baadhi yake husifu mnazi na kuagiza tembo kwa mgema. Msomaji wa haraka atasema: mnywaji wa tembo hawezi kuwa Mwislamu. Mtu aliyeishi pwani atatabasamu tu.

Hoja ya kiisimu imechukua njia mbili. Ya kwanza ni kuhesabu maneno ya mkopo kutoka Kiarabu: yakiwa machache, utungo ni wa kale na mtunzi hakuguswa na Uislamu. Lakini nakala tulizo nazo ni za karne ya 19 na ya 20, zimeandikwa kwa hati za Kiarabu na wanakili waliokuwa wanazuoni, na mnakili wa mapokeo hayo hakujiona mtumwa wa neno. Aliweza kuingiza la Kiarabu palipokuwa na la Kibantu, au kufanya kinyume chake ili wimbo usikike wa kikale. Kama hesabu hii inafaa kufanywa, nashauri ifanywe kwenye vina tu. Neno la katikati ya mshororo hubadilishwa kwa urahisi. Neno lililobeba kina haling'oki bila kuvuruga mishororo inayolizunguka. Hata hivyo matokeo yake yatatupa umri wa utungo, na hata huo kwa makadirio. Imani ya mtunzi haimo ndani yake.

Njia ya pili ni kutazama sarufi, hasa hali timilifu ya kale inayoishia kwa *-ile* na maumbo yake. Maumbo haya yanapoonekana katika wimbo wa Liongo hupewa thamani ya tarehe. Tatizo ni kwamba watunzi wa Lamu na Pate wa karne ya 18 na ya 19 waliyatumia kwa hiari kama mapambo ya lugha ya juu. Yamo pia katika *Al-Inkishafi*, ambao hakuna anayeudai kuwa wa wakati wa Liongo. Ukale wa umbo na ukale wa utungo ni vitu viwili.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito katika sehemu hii ni takhmisi. Shairi la majigambo ya kivita linalonasibishwa na Liongo lilifanyiwa takhmisi, yaani kila beti yenye mishororo miwili iliongezewa mitatu na mshairi wa baadaye ili ipate mitano. Kazi hiyo hunasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa *Al-Inkishafi*, na Steere aliichapisha mwaka 1870. Takhmisi ni heshima. Katika mapokeo ya Kiarabu hufanyiwa kasida zinazotukuzwa. Mwanazuoni wa ukoo wa masharifu alipoyashika maneno ya Liongo na kuyavika vazi hilo, alimwingiza katika safu ya washairi wanaostahili kufuatwa. Hapo ndipo, nionavyo, Liongo "aliposilimishwa" kwa njia tunayoweza kuishika kwa mkono: katika mapokezi ya tungo zake, kalamuni mwa msomi.

5. Kabla ya Uislamu?

Wataalamu wamemweka Liongo popote kati ya karne ya 12 na ya 17. Upana huo peke yake ungetosha kutupunguzia ujasiri. Lakini hata tukichukua tarehe ya mapema zaidi, hatufiki kabla ya Uislamu. Uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980 ulifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa karne ya 8. Liongo wa karne ya 12 angekuwa jirani wa dini iliyokwisha kukaa hapo kwa miaka mia nne. Ujirani si uumini, bila shaka. Delta ya Tana si Shanga. Ila picha ya shujaa anayesimama ufukweni kuizuia dini isiteremke jahazini haina pa kukaa.

Katika baadhi ya masimulizi mshindani wa Liongo ni Mringwari, ndugu yake kwa wengine na binamu kwa wengine. Usomaji unaovutia husema kwamba Mringwari anawakilisha urithi wa upande wa baba kwa sheria ya Kiislamu, na Liongo urithi wa upande wa mama. Nimeufundisha usomaji huu kwa miaka kadhaa na sasa naufundisha kwa tahadhari. Unalo jambo la kweli ndani yake: yako masimulizi yanayosema kwamba aliyemchoma Liongo sindano ya shaba kitovuni hakuwa mwanawe bali mpwa wake, na katika urithi wa kuukeni kwa mama mpwa ndiye mrithi. Muuaji akiwa mpwa, hadithi inahusu mrithi asiyeweza kusubiri. Katika utendi wa Kijumwa muuaji ni mwana aliyezaliwa na mke Mgala, mtoto wa ile mbegu iliyoombwa na wageni. Hapo usaliti umehamishwa kutoka katikati ya nyumba ukapelekwa kwa wajukuu wa watu wa bara.

Uhamisho huo haujadiliwi vya kutosha, ilhali ndio unaoumiza watu walio hai. Mwanafunzi mmoja kutoka Tana River aliwahi kuniuliza darasani kwa nini katika hadithi tunayoiita ya taifa msaliti ni mtoto wa mama wa kwao. Nilimjibu kwa nadharia, na jibu langu halikumtosheleza wala mimi mwenyewe. Tangu hapo huwapa wanafunzi matini mbili kwa pamoja, hadithi ya 1870 na utendi wa 1913 kama ulivyohaririwa na Mulokozi katika *Tenzi Tatu za Kale* (1999), na swali la kwanza la semina ni moja tu: katika kila matini, ni nani anayemwogopa nani, na msimulizi anataka tumwonee nani huruma? Swali la dini hulileta wenyewe wiki ya tatu, wakiwa tayari wana matini mbili za kulipimia.